Kuizoesha Sufuria

Dada yangu mpendwa,

Pokea salamu zangu, na za wifi yako, na za watoto wote watatu, ambao kila mmoja alitaka zake ziandikwe peke yake lakini karatasi haitoshi. Natumaini barua hii itakukuta mzima, mgongo unakuruhusu angalau kulala, na mwanao, Chiriku wetu, naye hajambo na bado anaongea mpaka usingizini. Ukitaka kujua hali zetu, desturi ni mimi kuandika kwamba huku sote hatujambo, wasiwasi ni juu yenu tu. Sentensi hiyo naijua tangu tulipofundishwa shuleni kuandika barua, na leo kalamu imeikataa. Niache niizunguke kwanza.

Barua yako niliipata. Ulinieleza kwamba kodi ya chumba imepandishwa tena, kwamba umepata kazi katika nyumba ya watu, kupika na kufua na kulala huko huko, na kwamba mama mwenye nyumba amesema wazi hataki mtoto. Ukaniomba nimpokee Chiriku mpaka mambo yatakapokaa sawa. Ukasema mama huyo atakungoja hadi mwisho wa mwezi, hatazidisha hapo. Najua umekaa ukingoja jibu, na umeanza kusema moyoni kwamba ndugu yako amejifanya kiziwi. Una haki. Nilianza kukujibu mara kadhaa, na kila mara karatasi ikaishia kukatwa kielelezo cha kola. Nakuomba usinikasirikie mpaka ufike chini. Nitakueleza mambo yote kwa mpangilio wake, kisha utanihukumu.

Kazi ninayo, dada, tena nyingi, ila si ya kuringia. Sikumbuki mara ya mwisho kushona nguo mpya. Vitambaa vimepanda bei mpaka mwenye duka hapa jirani amepanga ndoo na mifagio mbele, vitambaa amevirudisha nyuma kabisa, anasema vinatisha wateja. Kibanda changu siku hizi nakigawana na fundi viatu, tusaidiane kodi, basi kutwa nzima yeye anagonga na mimi nakanyaga cherehani, na wapita njia wanatuuliza kama tumefungua bendi. Ninachofanya ni kurekebisha. Kola iliyochakaa naigeuza, upande wa ndani unakuwa wa nje. Sare ya mtoto naishusha pindo, ule mstari wa rangi ya zamani unabaki unaonekana, mama mtu ananiuliza kama hakuna namna ya kuuficha, nami namjibu kwamba asihofu, darasa zima lina mstari. Suruali ya baba nageuza inakuwa ya mtoto. Lakini kazi iliyozidi zote ni kubana viuno.

Watu wamepungua. Fundi nguo ndiye wa kwanza kujua, kabla hata ya daktari. Mtu anaweza kukuambia kwamba kwake wanakula na kusaza, lakini kiuno cha suruali hakijui kudanganya. Mwalimu wa watoto wangu ameshaniletea suruali zake zote, na kila mara ananiomba nisikate kitambaa kinachozidi, nikikunje tu kwa ndani, maana atanenepa tena mambo yakitulia. Karibu wote wanasema hivyo. Mtaa huu umejaa nguo zenye kitambaa kilichokunjwa ndani, kinangoja watu wanenepe. Muuza nyama wa hapo kwenye kona ndiye peke yake aliyeniambia nikate nitupe. Alisema ikiwa yeye anayeshinda na nyama amekonda, wa kunenepa atakuwa nani. Tulicheka wote, na fundi viatu naye akacheka, halafu tukarudi kazini.

Nyumbani nako tumejifunza ufundi mwingine. Mche wa sabuni naukata kwa uzi vipande vyembamba, kila mtu na kipande chake, na ole wake atakayekisahau kwenye maji. Mafuta ya kupikia tunanunua ya kupima, na wifi yako hayamimini, anaipangusa nayo sufuria tu. Maziwa yaliondoka kwenye chai kwanza, sukari ikafuata. Kitinda mimba wetu alipouliza sukari iko wapi, kaka yake mkubwa akamwambia imekwenda likizo, basi kila shule zikifunguliwa mtoto anauliza kama imerudi. Mchana watoto wanapata uji shuleni, na sisi wakubwa tunajifanya tumebanwa na kazi. Mlo umebaki mmoja, wa jioni. Wifi yako anarudi kutoka kufulia watu, vidole vimejikunja kwa maji, anapika, kisha anagawa kwa upawa bila kumpendelea mtu, hata mimi mumewe nikikohoa hanioni.

Tangu mlo ulipobaki huo mmoja, Mama aliomba awe anapelekewa sahani yake chumbani, nyuma ya pazia. Alisema meno machache aliyobakiwa nayo yanamwaibisha, anatafuna muda mrefu na kwa kelele, hataki wajukuu wamtazame. Nani atabishana na mama mzazi juu ya meno yake? Tukampelekea. Wewe na mimi tulilelewa hivyo, unajua mwenyewe, kwamba mkubwa akila hatazamwi mdomoni. Hata watoto tuliwakataza kuchungulia.

Ikawa kila asubuhi sufuria ina kiporo. Si kingi, lakini cha kuwatia watoto kitu tumboni kabla ya shule. Wifi yako alishangaa sana. Anapima unga ule ule, maharage yale yale, na bado kinabaki. Alisema mkono wake umeshukiwa na baraka, akawa anamshukuru Mungu kwa sauti huku akiosha vyombo, na Mama anaitikia amina kutoka ndani.

Barua yako ilipofika nilimsomea Mama yote, maana unajua yeye na herufi hawajawahi kusalimiana. Alisikiliza ameshika shavu. Nilipomaliza aliniuliza nitakujibu nini. Nikamwambia bado napiga hesabu. Akasema mtoto hapigiwi hesabu, na kwamba waliosema mgeni njoo mwenyeji apone hawakuwa wajinga, sembuse Chiriku ambaye si mgeni, ni mtu wa kwao. Nilimjibu kwa mzaha kwamba mwenyeji mwenyewe yuko hoi, huyo mgeni atamponya nani.

Siku chache baadaye aliniomba vipande vya nguo vinavyobaki kazini. Alitaka kushona mto wa kuegemea, mgongo unamsumbua. Nilifurahi kwamba amepata cha kumshughulisha, nikamkusanyia mfuko mzima, makola, mapindo, na vile vipande vya suruali ya muuza nyama. Akaomba sindano na uzi, na uzi wenyewe alichagua mnene. Sikuuliza mto umefikia wapi. Nani anamfuatilia mama yake juu ya mto?

Na kuanzia hapo Mama alianza kupendeza. Nakuandikia kama nilivyoona kwa macho yangu. Mwili ulijaa kiunoni, akijifunga vitenge vyake anaonekana yule mama wa zamani. Wifi yako alimtania kwamba bibi ananenepea baraka, na Mama akacheka mpaka akaziba mdomo. Nami, ninayebana viuno vya mtaa mzima, niliona fahari kwamba nyumbani kwangu kuna mtu ambaye hapungui. Mganga hajigangi, dada. Tena kuna jambo la kazi yangu ambalo halikunipitia kichwani. Mama havai nguo ya kushonwa. Kitenge hufungwa tu, hakina kiuno wala mshono, kila asubuhi kinaukubali mwili jinsi ulivyoamka na hakimwambii fundi lolote.

Juma lililopita alikuwa anafagia mbele ya mlango. Nilikuwa ndani natafuta sindano, nikasikia ufagio umenyamaza. Nilipotoka nilimkuta amekaa chini, mgongo ukutani, ananitazama na hanioni. Niliinama kumbeba. Unamkumbuka Mama alivyokuwa, tulikuwa tunamning'inia sote wawili, wewe huku mimi huku, naye anaendelea kupepeta nafaka zake. Basi nilikaza miguu, nikavuta pumzi, nikamnyanyua kwa nguvu za kumnyanyua mama yule, na nusura nianguke kinyumenyume naye mikononi. Hakuwa na uzito. Nimetafuta neno lingine la kukuandikia sikulipata.

Muuza nyama alitoa mkokoteni wake, tukamkimbiza zahanati. Muuguzi alipomfungua vitenge ili ampime alikuta kitu kinene kimezungushwa kiunoni na kufungwa kwa kamba za kitambaa, akaniuliza kama ni dawa ya kienyeji. Nilikichukua. Kilikuwa ule mto. Alikuwa ameushona mrefu wa kujizungushia, ameujaza vile vipande vyangu, na mshono wake wa mkono umenyooka kuliko wa cherehani. Kipande cha juu kilikuwa cha suruali ya muuza nyama, naye alikuwa amesimama mlangoni, akakiona, akatoka nje. Chini ya mto ilikuwa mifupa ya nyonga na ngozi. Muuguzi aliuliza ni nani anayekaa na bibi huyu. Nikasema ni mimi. Akauliza tena, nadhani alitumaini nitamtaja mtu mwingine.

Walimwekea dripu, na alipopata sauti nilimuuliza. Sikumuuliza kwa adabu. Nilimfokea, dada, mtu mzima na ndevu zangu, namfokea mama yangu mbele ya wagonjwa. Hakukasirika. Alinieleza taratibu, vile alivyokuwa anatuelekeza kuwasha moto. Alisema mwanzoni alikuwa anakula nusu na nusu anairudisha sufuriani, kwa kuwa mzee hahitaji kingi na watoto wanakwenda shule. Barua yako ilipokuja akaona apunguze tena, abaki na vijiko viwili vitatu vya kumshikilia. Alisema alikuwa anaizoesha sufuria. Alitaka Chiriku akija akae ale, na pasiwe na mtu humu ndani atakayeona sahani yake imepungua, mtoto asije akatazamwa tonge zake katika nyumba ya mjomba. Sahani ya mjukuu wake ilikuwa imeshapatikana, alisema, sasa mimi namfokea kwa lipi? Na mto aliushona kwa sababu anaijua kazi yangu. Alijua macho yangu hutangulia kiunoni.

Sasa nimefika pale nilipokuwa napazunguka. Nikikuambia kwamba sikujua, nitakuwa nimekudanganya. Kabla hata ya habari za mto, asubuhi moja nilimwona Mama akinyoosha mkono kutwaa ndoo, nguo ikateleza begani, nikauona mkono wenyewe. Jicho langu halijui kupumzika, lilipima papo hapo. Nilijua mkono ule si wa mtu anayekula. Kisha nikaingia ndani, nikakuta kiporo, watoto walikuwa wameshakula na kimebaki kidogo, nikakimaliza mimi. Sikuuliza kilikotoka kwa sababu jibu lingenipokonya. Wifi yako aliamini baraka kwa moyo mweupe. Mimi sikuamini, nilinyamaza tu, nikanyamaza tena kesho yake, na kiuno chake kilipojaa nikashukuru kwamba nimepata sababu ya kuendelea kunyamaza. Wifi yako sijaweza kumwambia. Wewe tuliyelala tumbo moja ndiye wa kwanza kuambiwa, na sijui nitakutazamaje siku tukionana.

Mama amerudi nyumbani. Pazia wifi yako amelitoa, amelifanya kitambaa cha kudekia. Tunakula chumba kimoja na tunamtazama Mama mdomoni bila haya, adabu tumeiweka kando. Analalamika kwamba tumekuwa askari jela. Mtoto wa kati ndiye hodari kuliko wote, hamezi tonge lake mpaka aone bibi amemeza.

Lakini nilipomwambia kwamba nitakuandikia kuwa tumeshindwa kumpokea mtoto, aligeukia ukuta. Hakugusa chakula siku ile. Siku iliyofuata wifi yako alimpigia magoti, na wapi. Alisema yeye hakuzaa watoto wa kufungiana milango, na kama mlango wa mwanawe umefungwa kwa binti yake, basi naye yuko nje. Ikabidi niape mbele yake kwamba nitaandika anavyotaka. Akageuka, akaketi, akala. Ndiyo sababu hivi ninavyoandika ameketi kitandani hapa ubavuni mwangu, anatazama mkono unavyokwenda. Ameniuliza mbona barua ni ndefu hivi kwa neno moja tu la njoo. Nimemjibu kwamba bado niko kwenye salamu.

Chakula cha mtoto mmoja tungekigawa, dada. Kugawa ndiyo kazi tuliyohitimu, na Chiriku mdomo wake ni wa kuongea zaidi kuliko wa kula. Wifi yako alilia, akasema aje, tutabanana. Anayekataa ni mimi. Najua kukataa huku ni kukunyima ile kazi, na ukikosa kazi na chumba utakikosa, na sina pa kukuelekeza. Nimefikiria ndugu wote, walio hai na wanaojifanya wamekufa, sikumwona wa kukutuma kwake. Lakini siku Chiriku atakapoingia mlango huu Mama ataanza upya. Aliniambia mwenyewe, bila kuficha, kwamba yeye amekula miaka mingi na Chiriku ndiyo kwanza anaanza. Safari hii atakuwa ameshatujua tunavyochunga, na tutamwona anatafuna kumbe hamezi. Na mimi, dada, najijua sasa. Iko siku nitachoka, nitaona kiporo asubuhi, nami nitanyamaza. Sitaki nipewe nafasi ya kunyamaza tena.

Hasira zako zote nizielekezee mimi, usimguse wifi yako wala Mama. Ukiona huwezi kuniandikia, usiniandikie. Siku moyo ukirudi, mimi nipo kibanda kile kile.

Wifi yako anakusalimu, anasema umwombee. Watoto wanamsalimu dada yao Chiriku, na mdogo ameagiza aulizwe kama huko kwenu sukari ipo. Muuza nyama naye amesema nikusalimu ingawa hakujui. Siku hizi anapitisha mfupa mmoja wa supu ya bibi kisha anaondoka upesi kabla hajashukuriwa.

Mama anakusalimu mno. Ameniagiza niyaandike maneno yake bila kupunguza, nami nimemwahidi. Anasema yeye ni mzima kabisa. Anasema umlete mtoto upesi, usingoje mwisho wa mwezi, nafasi ipo, tena kubwa. Ameniambia nimsomee nilichoandika. Nimemsomea hapo tu, kwenye maneno yake, naye amefurahi, ameitikia neno kwa neno, na sasa anajilaza.

Usimlete, dada.

Ni mimi mdogo wako,
Fundi